Fundi, Mjomba na Mke Mwenza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, fundi mkuu wa makumbusho yetu ya magari anastaafu. Wengi tunamwita Babu Plagi, kwa sababu hutembea na plagi ya akiba mfukoni. Alikuwa nayo hata kwenye harusi ya bintiye.

Alipoanza alikabidhiwa magari mawili, yote hayawaki. La mwaka 1949 ni dogo, jeusi, lenye milango mizito na gia tatu; hupanda mlima wowote, mradi abiria asiwe na haraka. Hilo ni Mjomba. La 1956 lilikuwa refu, la rangi ya maziwa, lenye viti vya ngozi nyekundu na injini tulivu kiasi kwamba wageni waliuliza kama imewashwa. Fundi alilifuta kwa leso yake mwenyewe. Mkewe akalibatiza Mke Mwenza, na kila alipotutembelea alilisalimu kwanza.

Miaka minne iliyopita paa la ukumbi lilianza kuvuja, ikabidi gari moja liuzwe. Fundi aliombwa ayalinganishe. Sote tulijua Mjomba anaondoka. Yeye akapendekeza auzwe Mke Mwenza: huyo anapendwa na kila mtu, alimwambia mkurugenzi, hatakosa pa kulala, Mjomba ana sisi tu. Mnunuzi alipoondoka nalo, fundi alikwenda kula peke yake.

Kustaafu kwake kukamrudisha Mjomba hatarini. Kabureta yake ilimsikiliza fundi tu, kwa hiyo uongozi ulipanga gari libaki la kutazamwa. Fundi hakubishana. Alimchukua dada wa tiketi, dereva mzuri, akamfundisha mwaka mzima. Walinzi wa getini walimtania kwamba sasa ananuka petroli kuliko mwalimu wake.

Jumamosi iliyopita dada alijaribiwa kwa kumpandisha Mjomba mlimani, mkurugenzi kando yake, fundi na mkewe nyuma. Katikati ya mlima injini ilikohoa. Fundi aliweka mikono magotini. Mkewe anasema alikaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Dada akapunguza mafuta, akarudi gia ya kwanza, Mjomba akafika juu. Mkurugenzi aliamua palepale: gari litaendelea kutembea.

Asante, Fundi, kwa kazi na kwa mrithi. Tunakuombea afya, na asubuhi zisizo na haraka. Siku ukisikia honi nje ya nyumba, acha spana ndani. Tutakuwa tumekuja kukutembeza.