Bi Hodi na Ukumbi Uliokataa Kuwa Ghala

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuteni viti, punguzeni moto jikoni, na kama kuna mtoto analia, mbebeni tu mje naye.

Leo tunamkumbuka mama mmoja. Mama huyu alikuwa msusi. Alisuka nywele za watu maisha yake yote ya kazi. Lakini leo hatumkumbuki kwa nywele. Tunamkumbuka kwa ukumbi. Ukumbi wa mtaa wake, ukumbi wa watu wenyewe, usio na bosi wala mfadhili. Ukumbi ambao kama si yeye, leo ungekuwa ghala la saruji.

Mtaani walimwita Bi Hodi. Jina hilo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, tangu wakiwa vijana. Wifi mtu bado yupo, ana afya, na mdomo wake haujazeeka. Nilimuuliza jina lilitoka wapi.

"Kaka yangu alipomleta nyumbani," alinisimulia, "wiki ya kwanza tu alikwenda kuazima sufuria kwa jirani. Jirani yule alikuwa na sifa ya kutofungulia watu. Sisi tulishamzoea. Wifi yangu akasimama pale mlangoni. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Akazunguka dirishani: 'Hodi mama, nimekusikia unakohoa, kwa hiyo upo.' Basi akarudi na sufuria, na kifuniko chake, na jirani mwenyewe yuko nyuma amekuja kutusalimu!"

Huyo ndiye Bi Hodi, wasikilizaji. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la kungojea ambalo halikuwahi kuwa tupu. Mikono inasuka, masikio yanasikiliza. Nani anaumwa, nani amegombana na mkwewe, nani anatafuta kazi: habari zote zilipita pale kabla hazijafika kwa wenyewe.

Ng'ambo ya barabara ulikuwa huo ukumbi. Wazazi wa mtaa ule waliujenga kwa mikono yao. Watu walifunga ndoa humo, walifanya mikutano humo, na watu wazima walijifunza kusoma humo. Lakini wajenzi walizeeka, na walioachiwa walikuwa na shughuli zao. Umeme ukakatwa. Mabati yakaanza kuvuja. Popo wakahamia darini wakawa ndio wapangaji. Kamati ilibaki na watu watatu, na kati yao wawili walikuwa hawasalimiani.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa saruji. Niseme wazi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mzigo, hakuwa na pa kuuweka. Akaiambia kamati: nipangisheni ukumbi huu wote, nitalipa vizuri, na mabati nitabadilisha. Kamati ikaona mlango wa mbinguni umefunguka. Ukaitishwa mkutano wa mtaa ili watu waridhie.

Watu waliokuja walikuwa wachache, tena wamejibanza upande mmoja kukwepa matone. Mwenyekiti, karani mstaafu, mtu mstaarabu sana, akauliza kama kuna mwenye neno. Bi Hodi akanyoosha mkono. Mkono ule bado ulikuwa na kitana.

"Mwenyekiti, nina swali moja," akasema. "Tukishaweka saruji humu, siku tukitaka iondoke, mkutano wa kuiondoa tutaufanyia wapi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka. Kisha akasema, "Dada yangu, maneno mazuri hayaezeki paa."

"Basi nipeni mpaka mvua zijazo. Paa likivuja bado, mimi mwenyewe nitabeba mfuko wa kwanza wa saruji kuuingiza."

Mwenyekiti akamtazama. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ukitaka muda, chukua na kiti. Mimi nimechoka." Akamwachia uenyekiti pale pale. Wengine walidhani anatania. Hakuwa anatania.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Bi Hodi hakuanza kwa kuomba pesa. Narudia: hakuanza kwa kuomba pesa. Alizunguka nyumba kwa nyumba kila alipofunga saluni, na swali lake lilikuwa moja tu. "Wewe unajua kufanya nini?"

Swali hilo liliwakamata watu pabaya. Walikuwa wamejiandaa kusema mwezi huu mambo magumu, shule zimefunguliwa, njoo mwisho wa mwezi. Hawakujiandaa kuulizwa wanajua nini. Alimkuta mchomelea vyuma amekaa kibarazani kwake.

"Mimi? Najua kuchomelea tu, mama."

"Basi mlango wa ukumbi unakungoja. Umeachana na bawaba zake muda mrefu, kawapatanishe."

Mchomelea vyuma akaenda. Alipofika akaona madirisha nayo hayana hali. Akamwita fundi wa vioo, rafiki yake. Fundi wa vioo akaja na mkewe, mkewe akaona sakafu, akasema hapa siwezi kusimama hivi hivi, nipeni ndoo. Mambo yakaenda namna hiyo. Mtu anaitwa kwa jambo dogo, anaondoka amejipa jambo kubwa.

Lakini paa ni paa. Bati halinunuliwi kwa kucheka. Kwa hiyo Bi Hodi akabuni mnada, na kilichonadiwa humo ni ujuzi wa watu. Kila mtu atoe kazi anayoiweza, jirani mwenzake aigombee, na pesa yote iende kwenye paa. Seremala akatoa ukarabati wa kitanda. Mshonaji akatoa sare za shule. Mumewe Bi Hodi, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, akatoa masomo ya udereva. Dalali alikuwa wifi mtu, nani mwingine angefaa?

Siku ya mnada ilipambazuka na mvua. Nayo haikuwa manyunyu. Upepo ulikuja nayo, na upande wa jukwaa mabati kadhaa yakang'oka. Binti yake Bi Hodi anakumbuka.

"Mimi nilimwambia mama, tuahirishe. Maji yako jukwaani! Mama akaniambia, 'Mwanangu, leo ndio wataona wanachochangia. Sogeza mabenchi huku pakavu.' Nikasogeza, lakini moyoni nilijua hatakuja mtu."

Watu walikuja. Walikuja na miamvuli, wengine na mifuko ya nailoni kichwani. Walibanana nusu ya ukumbi iliyokuwa kavu, na nusu ya pili wakaitazama inanyeshewa mbele ya macho yao. Hapakuwa na haja ya hotuba.

Wifi mtu akapanda kwenye benchi akaanza kunadi. Ilipofika zamu ya Bi Hodi, alitoa usukaji wa nywele za nyumba nzima, mpaka kichwa cha mwisho. Mkono wa kwanza kunyooka nyuma kabisa ulikuwa wa yule mfanyabiashara wa saruji. Wasikilizaji, yule bwana alikuwa na upara, upara kamili unaong'aa hata siku ya mawingu. Akataja bei. Mtu akapandisha. Naye akapandisha zaidi.

Wifi mtu akasimamisha mnada. "Shemeji, samahani. Atakusuka nini, masikio?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yule bwana naye alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Nina mabinti nyumbani, na mama yao, na dada zangu wawili. Kila Jumapili nyumba yangu ni uwanja wa vita kwa sababu ya kitana. Nataka amani, si nywele!" Akashinda mnada ule. Saruji yake ilipata ghala kwingine, na mifuko kadhaa ikaja ukumbini bure kuziba nyufa za ukuta. Kabla mvua zilizofuata hazijaanza, paa lilikuwa jipya.

Kuanzia hapo Bi Hodi aliweka utaratibu. Kila mwanachama alipe ada, na ada iwe ndogo. Lakini zamu ni lazima. Ukitumia ukumbi, una siku yako ya kufagia, ya kuosha vyoo, ya kufunga madirisha. Hata wazee wa bao walikuwa na zamu. Ada ndogo, zamu lazima. Hivyo ndivyo ukumbi ulivyoishi kwa miaka mingi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tukimkumbuka mtu tumkumbuke mzima. Bi Hodi aliupenda ukumbi ule mpaka akaanza kuukumbatia peke yake. Alikuwa mwenyekiti, akawa pia mtunza funguo, akawa pia mpanga ratiba. Vijana wa mtaa walipoomba jioni ya Jumamosi wapige muziki na kutoza kiingilio kwa faida ya ukumbi, akakataa. Wakaomba tena. Akakataa tena. "Ukumbi huu si wa kelele," alisema.

Uchaguzi ukafika. Mwalimu wa chekechea, mwanamke kijana ambaye Bi Hodi mwenyewe alimwingiza kwenye uanachama, akagombea. Kura zikahesabiwa mbele ya wote. Bi Hodi alishindwa. Hakushindwa kwa kura moja, alishindwa vizuri.

Binti yake anasema: "Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani. Baba akamletea chai, ikapoa. Nilidhani hataukanyaga tena ukumbi ule."

Kwa siku kadhaa hakuukanyaga. Kisha ikaja Jumamosi. Mwalimu alifika asubuhi kufungua, akakuta mlango uko wazi, na Bi Hodi yuko ndani, khanga kiunoni, anafagia kuelekea mlangoni.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Niliogopa. Nikamwamkia, 'Shikamoo mama.' Akaitikia, 'Marahaba, mwanangu.' Nikamwambia, 'Mama, hukuwa na haja ya kuja.' Akasimama, akaegemea ufagio. Akasema, 'Kiti mmeninyima, na mlikuwa na haki. Ufagio hamkuupigia kura.' Kisha akaingiza mkono kwenye pochi, akanipa funguo zote za akiba ambazo sikujua hata kama zipo. Tulicheka, tukalia, tukafagia."

Na muziki wa vijana ukaanza, mwanzoni kwa jenereta ya kuazima. Kila Jumamosi jioni watu walipanga foleni mpaka barabarani. Kwa kiingilio kile ukumbi ulirudisha umeme, ukanunua viti, ukapaka rangi. Bi Hodi aliketi mstari wa mbele, pamba masikioni, anatikisa kichwa. Mumewe alimuuliza, "Sasa unasemaje?" Akajibu, "Kelele zenyewe zina tabia nzuri."

Miaka yake ya mwisho alikuwa mwanachama wa kawaida. Nawaambia, watu wanasema hiyo ndiyo miaka aliyofanya kazi kubwa kuliko yote. Aliwachukua wanakamati wapya, mmoja mmoja, akazunguka nao mitaani. Mwalimu anakumbuka alivyomfunza: "Usianze na shida ya ukumbi, mwanangu. Anza na mtu. Muulize mgonjwa wake anaendeleaje. Ukumbi utajileta wenyewe kwenye mazungumzo." Aliwaacha wazungumze wao. Walipokosea alisubiri mpaka wafike barabarani ndipo acheke.

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu ilianza kuvimba, kisha moyo ukachoka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Alifariki nyumbani, alfajiri, mumewe amemshika mkono.

Nilikwenda kumpa pole mumewe. Nilimkuta ameketi uani, kofia magotini. Nilitaka maneno mawili matatu tu ya kuwaletea, na nilijua ni mtu asiyesema sana. Lakini siku hiyo alisema.

"Siku ya msiba niliamka sijui nianzie wapi," aliniambia. "Mambo ya namna hii yote alikuwa anapanga yeye. Nilipotoka nje nikakuta viti vimepangwa. Maji yamechotwa. Wageni wa mbali wana pa kulala. Nikaenda ukumbini, umefagiwa, watu wanaingia. Nikataka kumshukuru aliyeyapanga. Nikamuuliza mwalimu, akasema si yeye, labda vijana wa muziki. Vijana wakasema labda mchomelea vyuma. Mchomelea vyuma akasema labda mwalimu. Nilizunguka mpaka nikachoka. Hakukuwa na mtu mmoja wa kumshukuru. Nikaketi, nikasema moyoni, mke wangu, umemaliza kazi."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mume, kwa binti, kwa wifi mtu aliyebaki bila mwenzake wa utani, na kwa mtaa mzima. Poleni sana. Mungu awape subira, na ampumzishe mama yetu mahali pema.

Nasi tuliobaki, kabla hatujalala tujiulize. Pale unapoishi kuna kitu ambacho ni cha wote: kisima, darasa, njia ya mguu, ukumbi. Ukikiachia leo, kitaanguka? Kama jibu ni ndiyo, bado una kazi. Kesho mtafute mwenzako mmoja, umuulize anajua kufanya nini.