Mwenye Pièces Anabakiaka Nyuma

FERUZI: Haloo? Kwa Feruzi, garage. Njo nani?

SUDI: Haloo, yaya. Ni miye Sudi, mudogo yako. Habari ya kule?

FERUZI: Habari muzuri. Na weye unapiga simu ya nini? Weye na mudogo wetu Nasoro mulipashwa kuwa Kolwezi tangu jana!

SUDI: Niko ku Likasi, ku simu ya poste. Mama iko muzuri?

FERUZI: Mama iko muzuri. Likasi munafanya nini, tena—

SUDI: [laini inakwaruza] —chaîne. Munyororo ya pikipiki ya Nasoro. Ilikatika mbele ya kufika Fungurume.

FERUZI: Kha! Chaîne njo inakusumbua? Mu sakosi yako, ule mufuko ya pièces, niliweka chaîne mbili na mikono yangu! Na chambre à air tatu, na bougie, na câble—

SUDI: Câble mbili.

FERUZI: Basi?

SUDI: Byote biko. Nilihesabu mara mbili. Hakuna kyenye kilipotea.

FERUZI: Wee! Nakuuliza safari, unanipigia hesabu. Mupatie Nasoro simu, yeye anajua kusema.

[Kelele ya laini.]

FERUZI: Haloo?

SUDI: Niko.

FERUZI: Nasoro iko wapi?

SUDI: Alikuwa anasukuma piki. Ku mulima, pale njia inapinda. Camion ya muzigo ikatoka nyuma, haikumuona. Na lile vumbi...

FERUZI: Iko hospitali gani?

SUDI: Yaya—

FERUZI: Nasema hospitali gani!

SUDI: Haiko hospitali. Bantu ba musikiti ya hapa balimuosha asubui. Banangojea neno yako. Bamuzike hapa, ao bamulete.

FERUZI: Innalillahi... Nasoro? Nasoro wetu?

SUDI: Ndiyo.

FERUZI: Kusukuma, kwa nini? Mwenye pièces anabakiaka nyuma. Tangu wakati ya baba ni vile. Mwenzako akikwama, unamukuta.

SUDI: Ndiyo.

FERUZI: Na weye ulikuwa nyuma.

[Laini inakwaruza.]

FERUZI: Sudi?

SUDI: Nilipita mbele. Nilichoka kula vumbi yake. Nikasema nitamungojea Fungurume, tunywe chai. Nikaagiza na yake. Ikapoa, nikarudia njia.

FERUZI: Muungu wangu, Sudi. Muungu wangu.

SUDI: Citoyen wa poste ananionyesha saa, simu inaisha. Bamulete?

FERUZI: Bamulete. Mama atataka kumuona. Na weye usipande piki, unasikia? Ukuje mu gari, pamoja naye.

SUDI: Na piki yake? Iko inatembea muzuri. Wakati tulikuwa tunangojea gari ya kumubeba, niliweka chaîne.

FERUZI: Uliweka...

SUDI: Dakika kumi, yaya. Ilikamata tu dakika kumi—

[Laini inakatika.]