Kitambaa cha Rahema na Mapezi ya Inverta

Mgeni rasmi, mama yetu Bi. Gladys Rwamba, mwalimu wetu Kirimi, na nyinyi wote mliobanana kwenye madawati ya watoto, karibuni. Chai iko tayari, lakini tusome kwanza. Ukishainywa utaona haya kutukatalia, na hatutaki kukushika hivyo.

TULIKOTOKA

Tulianza watu sita, sasa tuko ishirini na mmoja: wauza nyama, wauza mboga, akina mama wenye watoto mgongoni. Mwaka jana tulipata sola, betri na inverta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwashe taa. Mgongoni kina mapezi, vibati vyembamba vya alumini vilivyosimama kama kurasa za kitabu.

YALIYOTUPATA

Hapa tunamtaja Rahema, mama wa Aminah wa miezi minane. Amekubali atajwe, na ndiye anayekusomea.

Julai baridi ilipokaza, Rahema alikitazama kisanduku kile, vumbi limekijaa, akakihurumia. Majuma mawili, Aminah akinyonya, alikifumia kitambaa cheupe cha maua, kama kile kinachofunika redio kwa mama yake. Akakifunika chote, na mapezi. Tulisifu sote, isipokuwa Nurudin wa bucha.

"Wee mama Aminah, umekivalisha sweta?"

"Na wewe umevaa mbili! Kwani chenyewe hakisikii baridi?"

Siku ya tatu kisanduku kikatoa moshi, taa zikazima. Ndipo ikaja barua ya ofisi yako ya elimu: mtambo ni hatari, darasa lifungwe Ijumaa hii.

Rahema alikuwa amefika hesabu za sehemu. "Nimewafungia watu ishirini shule," alisema, akabaki nyumbani. Kesho yake mwanafunzi mwenzetu Teresia alipita kwake, akambeba Aminah akaja naye darasani. Mama mtu angefanya nini? Alifuata mtoto.

TULIYOJIFUNZA

Mwalimu Kirimi hakumkaripia mtu. Alitueleza kuwa hewa iliyo kati ya mapezi hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda, na iliyo baridi ikaingia kutoka chini. Hakuna feni, hewa inajiendea yenyewe. Ukiifunika, joto halina pa kwenda.

Fundi alibadilisha kilichoungua. Mapezi mapya tuliyakata wenyewe kwenye alumini chakavu, tukayabananisha tukidhani mengi ndiyo bora. Kikachemka vilevile. Rahema akayatazama, akasema, "Yanakosa hewa, kama sisi kwenye hili dawati. Toeni moja, acheni moja."

Tukatoa. Nurudin, ambaye zamani hakumaliza hata kuhesabu tatu mkono ukiwa kwenye mapezi kwa moto wake, sasa anafika thelathini na kutusimulia hadithi juu.

TUNACHOOMBA

Hatuombi feni. Tunaomba barua ile iondolewe, na ruhusa ya kutoboa matundu mawili ukutani, moja chini, moja juu. Nyundo tunayo.

Kabla ya kujibu, mama, simama uweke mkono juu ya kisanduku. Usikiguse. Utasikia hewa vuguvugu ikipanda polepole kiganjani. Hiyo ndiyo kazi yetu ya muhula huu.

Mungu akuangazie njia ya kurudi kwako, akukutanishe na wako wakiwa wazima, na neno utakalotuachia leo liwe la kheri.

Kitambaa tulikifua. Ua moja lilikataa kutoka moshi, lakini Rahema hakukitupa. Ndicho kilichotandikwa kwenye kiti ulichokalia.

Ni sisi wako,
Darasa la Jioni la Watu Wazima, Majengo, Meru