Adoyo kwa Mdomo wa Mama Yenu

Calvince, zima redio uje ukae hapa kitandani, na wewe Dorine mlete mdogo wenu, umlaze karibu na mkono wangu huu ambao bado una nguvu. Sogeeni, kwa sababu ulimi umevimba na daktari alishasema uvimbe huu haurudi nyuma, na nitakayosema leo sidhani nitaweza kuyarudia. Neno likiwapotea msinikatize, likisieni tu, mwendelee kusikiliza.

Nianze na shamba, maana hilo ni jepesi. Kipande hiki cha majani chai, kutoka seng'enge ya jirani Bethwel mpaka mtoni, ni cha mama yenu Janeffer. Miaka ishirini na sita niliyokaa kiwandani kwenye mashine ya kukausha, yeye ndiye aliyekuwa akichuma hapa, mvua ikimnyeshea, wewe Calvince ukiwa mgongoni. Asije mtu kumwambia ahame. Siku atakapochoka mwenyewe, mgawane watatu sawa, na huyu mdogo asipunjwe eti kwa sababu alikuja wakati hatukumtarajia.

Sasa jina la mtoto. Alipozaliwa, wiki tatu zilizopita, nilisema aitwe Adoyo, jina la mama yangu, ambaye alizaliwa wakati wa palizi. Nilifurahi sana kulisema, na sikumfikiria mama yenu. Yeye ni Mkipsigis, na tangu tuoane hiyo D ikipita mdomoni mwake inatoka T, Atoyo, na kwetu Wajaluo kule ziwani mtu akisikia hivyo anasikia otoyo, yaani fisi.

Nyanya yenu alipougua, Janeffer ndiye aliyemwosha na kumlisha uji kwa kijiko, miezi saba, katika chumba hiki. Mama yangu mwenyewe alimwomba amwite kwa jina, kwa sababu wenzake waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa wamekufa wote. Basi mama yenu akawa anamwita Atoyo, na nyanya yenu akaitika kila mara, hata siku moja hakumsahihisha. Alipokufa tukampeleka nyumbani kule ziwani kuzikwa, na mama yenu akapewa maikrofoni aseme neno, yeye akiwa mke wa mtoto mkubwa. Akasema, "Atoyo alikuwa mama yangu." Baba yenu mdogo Seth akacheka, akalirudia jina kwa sauti, akimwiga, na watu wote chini ya hema wakacheka. Mama yenu akanitazama. Nilikuwa kiti cha mbele, wanangu, na nikatazama viatu vyangu. Tukarudi hapa, miaka tisa ikapita, hakulizungumzia, nami nikajiambia amesahau, nikaona hakuna haja ya kuomba msamaha.

Hakuwa amesahau. Juma lililopita kule kliniki, Calvince ulikuwepo, nesi akamuuliza mama yenu, "Ni Adoyo ama Atoyo?" Wewe ukasema mbele ya foleni nzima, "Andika D, mama hawezi kuitamka." Sikulaumu, ulitaka karatasi iwe sawa. Lakini mama yenu alimwambia nesi aache pale pa jina wazi, na tangu siku hiyo hajamwita mtoto jina lolote. Anasema huyu. Huyu amelala, huyu ananyonya.

Dorine, wewe unataka tumwite Maxine yaishe. Labda uko sawa. Calvince unasema jina la nyanya halitupwi kwa sababu ya herufi moja, na labda wewe pia uko sawa. Mnaniangalia niamue, na mimi sijui. Nilikuwa natengeneza mashine zilizoshinda mafundi wengine, na hili limenishinda.

Jana, mlipokuwa mmepeleka majani kituoni kupimwa, nilijaribu kumwita mtoto. Ulimi ukakataa. Ikatoka Atoyo, vilevile kama anavyosema mama yenu. Nikajaribu mara tano, na mara zote tano ikatoka hivyo. Nikageuka, nikamwona mlangoni na kikombe cha maziwa, amesikia yote. Nikamwambia, "Janeffer, nisamehe ile siku ya mazishi." Akasema, "Kunywa, yatapoa." Akakaa mpaka nikamaliza, akachukua kikombe, akatoka. Sijui kama alikuwa amekubali ama amekataa, na naogopa kumuuliza tena.

Kwa hiyo jina mwachieni yeye. Atakalosema, na vile atakavyolisema, ndivyo liandikwe, na wewe Calvince usilinyooshe. Asipotaka kabisa, aitwe Maxine, na mtu asimwambie kwamba nyanya ametupwa.

Mimi mnizike hapa, juu pale kwenye majani. Najua Seth atakuja na gari na wazee, atasema mtoto mkubwa haachwi ugenini. Nimeandika, chifu ana nakala, lakini karatasi haiwezi kumzuia mtu mwenye hasira, na mimi nitakuwa kwenye sanduku, sina la kusema. Jaribu, Calvince. Ukizidiwa usipigane na baba yako mdogo, waache wanibebe, ila wewe upande gari lilelile atakalopanda mama yako. Wakimpa nafasi ya kusema, simama kando yake. Watazame watu usoni mpaka amalize.

Ngoja nipumue.

Mungu awape afya, wanangu. Awape nyumba zenye watu wa kuwasikiliza. Dorine, umalize shule, usiache kwa ajili yangu. Na huyu, Mungu amjue hata kabla sisi hatujakubaliana tumwite nani, amkuze, amtunzie mama yake.

Mwiteni mama yenu... hapana, mwacheni, nasikia bado anakamua ng'ombe. Mchukue mtoto, Dorine, mkono umelegea, nisije nikamwangusha. Msiondoke. Kaeni tu hapo, hata kama sisemi.