Kitufe cha Kutokea Nje

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe dada yetu tunayekuaga, uliyeniomba nisiseme sana: hamjambo.

Nimepewa kazi ya kumsifu fundi wetu wa programu, tunayemwita Mama Kitufe, na sitamvisha kilemba cha ukoka. Wageni wetu, jina hilo lina sababu. Mtu akibonyeza linki ndani ya programu yetu ya ujumbe, haendi kwenye kivinjari cha mtandao alichokichagua mwenyewe. Tunamfungulia cha kwetu, humo humo ndani, na anachokisoma tunakiona. Yeye anadhani ametoka, kumbe bado yumo sebuleni kwetu. Nani kati yetu aliwahi kumwuliza kama anataka?

Dada wa mapokezi ameniruhusu nisimulie yake. Alipopoteza mimba, nesi alimtumia linki, akasoma. Baada ya siku chache mama mkwe aliazima simu yake, akakuta matangazo ya ushauri kwa waliofikwa na msiba huo. "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Kesho yake dada alimfuata Mama Kitufe jikoni, akamwuliza, "Siri ile tulikuwa nayo mimi na mume wangu. Nyinyi mliipata wapi?"

Mama Kitufe alirudi mezani kwake. Akaweka kitufe juu ya ukurasa: "Fungua kwenye kivinjari chako". Idara ya matangazo ikakitoa, akakirudisha. Wakakificha chini kabisa, akakipandisha. Mkuu wa matangazo, usiiname, hakuna aliyekutaja. Alipoulizwa kikaoni kwa nini anang'ang'ania, alisema, "Mgeni haonyeshwi mlango wa kuingilia tu."

Leo anaondoka, kwa hiari yake, kama barua ya ofisi inavyosema, nasi sote tunajua hiari hiyo ilisukumwa kidogo. Kiti chake nimepewa mimi. Nimeshukuru, na wanangu wameshukuru zaidi.

Jana, Mkurugenzi, uliniita ukaniambia kwa upole kwamba kazi yangu ya kwanza ni kukiondoa kitufe kile. Nikaomba nifikirie. Sikutaka kukujibu ofisini kwako tukiwa wawili, kwa sababu najijua: mbele yako peke yangu mimi ni mwoga. Nakujibu hapa. Sitakiondoa. Ukiona jibu hili halifai, basi keki hiyo iliyo mezani iwe ya kutuaga sisi wawili, mimi na Mama Kitufe.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.