Mzee Meno Ndani Aweka Kamera Chini

Baada ya miaka thelathini na moja nyuma ya lile pazia la kijani, mpiga picha wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita. Tajiri amesema niandike mimi, kwa kuwa kati ya tuliobaki hapa studio mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, yeye na kamera yake, mimi na ufagio na birika la chai. Nimekubali, ingawa mimi na kalamu hatujazoeana sana. Nikiteleza mahali mtanisamehe.

Jina lake la kwenye kitambulisho wateja hawalijui. Kwao ni Mzee Meno Ndani, hata sokoni, hata msibani. Studio yetu inatazamana na jengo la maombi ya viza, barabara tu katikati. Wanaotafuta viza ya kwenda kufanya kazi nje, mafundi wa kuchomelea, madereva wa malori, wapishi, wauguzi, wengi huanzia kwetu. Wasioanzia kwetu huja baadaye wakikimbia, picha imekataliwa. Maana picha ya viza ina masharti kama chakula cha mgonjwa wa sukari: nyuma pawe peupe, macho wazi, miwani hapana, kucheka hapana kabisa. Ukikaa tu kwenye kile kiti, unasikia, "Meno ndani!"

Lakini msimwone hivyo. Hakuna mchekeshaji kama yeye mtaa mzima. Utaratibu wake ni mmoja tangu siku ya kwanza: mtu lazima acheke kabla ya kupigwa picha. Humwambia, "Cheka sasa hivi, mwanangu, umalize. Viza ya kazi haina meno. Ukiwaonyesha meno watadhani unakwenda kutembea." Hapo huanza visa vyake, mpaka fundi mwenye mikono kama nyundo anajifuta machozi. Akishatulia, akishusha mabega, ndipo mzee anabonyeza. Ndiyo maana picha zake hutoka na uso wa mtu aliyelala vizuri. Kwingine watu hutoka kama wamekamatwa.

Alianza enzi za filamu, picha zinaoshwa gizani na kuanikwa kwa vibanio kama nguo za mtoto mchanga. Kompyuta ilipoletwa tulisema hapa mzee wetu amefika mwisho. Kweli alihangaika nayo, na kofi moja aliipiga, tulilisikia sote. Leo binti wa kompyuta, yule aliyeajiriwa kuiendesha, akikwama humwita yeye.

Halafu kuna lile koti. Dereva mmoja alikuja na shati jeupe, akakaa mbele ya kitambaa cheupe, na picha ikatoka kichwa kitupu kinaelea hewani. Mzee akaenda kununua koti la mtumba, la bluu, akalitundika kwenye msumari, na kila aliyekuja na nguo nyeupe akavalishwa. Tukaona tumepata dawa. Siku moja fundi mwashi akarudi kutoka ng'ambo ya barabara amekasirika: dirishani wamemuuliza kama yeye na wenzake wote ni wa kampuni moja, mbona sare yao ni ile ile mpaka kifungo kilichokatika! Kesho yake mzee alikuja na koti la pili, la kahawia. Tulicheka wiki nzima.

Mimi huniita Mama Presha, na simlaumu. Binti yangu, kifungua mimba wangu, ni muuguzi. Alipata kazi ya kuhudumia wazee nje, mwajiri amekubali, makaratasi yamekamilika, imebaki picha. Nikaona hilo dogo, si tuna mzee wetu? Ikapigwa, ikarudishwa: macho yamevimba, hafanani na pasipoti. Ikapigwa ya pili, nayo ikakataliwa, macho yanaangalia pembeni. Dirishani wakampa nafasi ya mwisho, siku ile ile kabla hawajafunga. Akiikosa, kazi inapewa mwingine.

Mzee alimsimulia visa vyake vyote. Mtoto anacheka, anamaliza, anatulia, kisha machozi hayo. Mzee akashusha kamera, akageuka, akaniona nimesimama kwenye pazia na kitambaa changu cha kufutia vumbi nimekibana kifuani. Kumbe kila akitaka kupiga, mwanangu ananitazama mimi, na mimi sura yangu imeshaanza msiba.

Nilijua atanifukuza. Hata ningekuwa mimi ningejifukuza. Badala yake akapanda kwenye stuli, akang'oa misumari ya kile kitambaa cheupe, akaniambia, "Mama Presha, misumari imechoka. Pita huku nyuma unishikie. Kaza, usitikisike, na usichungulie."

Nikapita nyuma, nikainua mikono. Mbele yangu weupe mtupu. Simwoni mwanangu, naye hanioni, lakini joto la kichwa chake nalisikia kwenye kitambaa. Nikamsikia akivuta pumzi. "Mama, upo?" Nikamjibu nipo, wewe tazama mbele. Mzee akasema, "Umesikia? Yupo. Meno ndani." Akabonyeza.

Mwanangu alivuka barabara mbio, dirisha likiwa linakaribia kufungwa. Picha ikapokelewa. Viza ikatoka. Sasa yuko huko anahudumia wazee wa watu, na akipiga simu namuuliza kwanza kama amevaa soksi.

Picha za kupeleka dirishani mzee alizikata kingo. Moja hakuikata, akanipa. Ukiitazama juu, kulia na kushoto, utaona vidole vyangu vimeshika kitambaa. Akaniambia, "Hii ya kwako. Kule hawahitaji vidole."

Sasa, mzee wetu, kuna jambo. Tajiri alitafuta picha yako ya kuweka kwenye ukurasa huu. Katika miaka yote hiyo tumepata moja tu, na ni kiwiko. Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya soda na keki, utakaa wewe kwenye kile kiti. Binti wa kompyuta atapiga. Kitambaa nitashika mimi. Mwanangu ameshanionya kwenye simu nikaze nisitikisike.

Asante kwa nyuso zote ulizozituliza, na kwa ule wa mwanangu. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na asubuhi zisizo na foleni. Maisha yakuendee vyema huko uendako, na chai yako ya sukari nyingi ipo hapa kila ukipita.

Na hiyo Ijumaa, mzee wetu, meno nje. Huendi kuomba viza. Unakwenda nyumbani.