Mama Chausiku na Korongo la Chanika

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwa Mtendaji wa Mtaa, tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Chausiku Mbaruku anakabidhi ofisi, muhuri na kipaza sauti. Muhuri tutaupata bila shida. Kipaza sauti ndicho kinachotutia wasiwasi.

Alianzia Kwamndolwa, Korogwe, wakati nyumba mpya zikiingia mashambani, kila moja na taka zake. Mtaro mkuu ukaziba. Aliitisha mkutano, wakaja wajumbe wawili na mlevi mmoja. Mara ya pili akauitisha kando ya mtaro wenyewe, tena upande unakoelekea upepo. Wenye pua walielewa bila hotuba. Kufikia adhuhuri watu walikuwa na majembe mikononi, na yule mlevi, Raymond, amechaguliwa msimamizi wa usafi. Pombe hajaiacha, ila mtaro haukuziba tena.

Alipohamishiwa Chanika, Handeni, alikuta mji unakua kuliko ramani yake. Korongo la maji ya mvua lilitengwa kuwa eneo la wazi, na ng'ombe wa wafugaji walipita hapo kwenda lamboni. Asubuhi moja wakazi wakakuta msingi wa nyumba umejengwa katikati. Mwenye nao, mfanyabiashara mgeni aliyeuziwa na dalali, hakutaka kusikia la mtu. Waliojenga bondeni waliingiwa na hofu: maji yakizuiwa, yatalala vitandani mwao.

Vijana walitaka kuubomoa. Mama Chausiku akawakatalia. "Tukivunja sisi leo, kesho atatuvunjia mwenye nguvu kuliko sisi. Tukae kikao."

Kikao kilifanyika palepale korongoni, na mwenye msingi akapewa kiti cha mbele. Mzee Salaash, mfugaji, alichelewa. Akafika na kundi lake zima, nalo likaenda kusimama juu ya msingi, likicheua. Mzee akasema kwa upole, "Bwana, ng'ombe wangu hawajui kusoma ramani. Lakini njia wanaijua."

Watu waliangua kicheko, na mwenye msingi naye akajikuta anacheka. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Wakazi walimsindikiza kumbana dalali mpaka haki yake ikarudi, na mjumbe Munira akamtafutia kiwanja kilichopimwa. Msingi aliubomoa mwenyewe. Leo ni jirani yetu, na mikutanoni huongea kuliko wenyeji.

Masika iliyofuata haikuwa ya mchezo. Maji yalishuka yakinguruma, yakafuata korongo, yakaenda zake. Bondeni watu walilala pakavu. Mama Chausiku, ambaye hatujawahi kumwona akilia, alisimama chini ya mwavuli akipangusa miwani, ingawa mvua haikuwa ikimfikia.

Kisha akataka kila kaya ipande mti ukingoni. Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi. Wenye mbuzi wakaitwa, wakapanda upya na kuzungushia miiba. Sasa kivuli kipo, na mbuzi wanakiangalia kwa mbali.

Mama anahamia Segera, alikojenga, na anasema anakwenda kupumzika tu. Tumesikia ameshauliza mkutano mkuu wa kijiji ni lini. Ndugu zetu wa Segera, hongereni na poleni.

Nawe Mama, asante kwa kutugombeza, na zaidi kwa kutusikiliza. Mungu akupe afya, usingizi mnono na majirani wanaofika mikutanoni kwa wakati.